Mkaa, gesi au oveni ya umeme: uoke wapi keki yako ya kukata slesi?

Kila anayetaka kuanza kuoka nyumbani anafika mahali anakwama hapa, ninunue oveni kwanza au hili jiko nililonalo linatosha? Na wengi wanaishia kutooka kabisa, manake video zote anazoziona mtu ana oveni kubwa inang'aa na yeye ana jiko la mkaa uani au mtungi mdogo wa gesi. Mi nasema hivi, keki haijui moto umetoka wapi. Inachotaka ni moto wa wastani, uliotulia, unaoizunguka pande zote kwa karibu saa nzima bila kupanda na kushuka. Mkaa unaweza kutoa huo moto, gesi inaweza, umeme unaweza. Ila kila mmoja una dai lake, mkaa unakudai macho, gesi ya sufuria inakudai ukubali keki iwe nyeupe juu, oveni inakudai hela mwanzoni na umeme usiokatika. Kwa hiyo swali zuri ni kujiuliza wewe una nini cha kutoa.

Naongelea keki ya kawaida kabisa, ile ya umbo la mkate unayoikata slesi na kuinywea chai. Haina krimu wala ghorofa. Watu wanaiona rahisi, na kuichanganya kweli ni rahisi, lakini kuiivisha ni kazi kuliko keki ya duara iliyo nyembamba, kwa sababu chombo chake ni kirefu na kina kina. Chombo cha kawaida ni kama sentimita 23 kwa 13, na katikati ya mchanganyiko ndio panaiva mwisho. Pembeni pameshakauka, katikati bado uji. Katikati panatakiwa pafike kama nyuzi joto 95 hivi ndipo mayai na unga vinakuwa vimeshikana vizuri, sasa moto ukiwa mkali ganda la nje linaungua kabla joto halijafika ndani. Na kwa taarifa tu, ule mpasuko wa juu kati kati sio kosa, ganda linashika mapema halafu ndani panaendelea kufura panapasua njia, keki za umbo hili nyingi ziko hivyo na mi naona ndio uzuri wake.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Kwanza hela ya kuanzia, unahitaji kununua nini ambacho huna. Pili hela ya kila keki, manake mtu anaoka mara moja kwa mwezi na mwingine kila siku na hesabu zao hazifanani. Tatu, na kwangu hili ndio kubwa, unavyoweza kuuongoza moto, yaani ukiona umezidi unaupunguza vipi na inachukua muda gani. Nne keki inavyotoka, rangi ya juu, chini, na kama inachambuka vizuri. Tano kazi, unaweza kuiacha ukafanya mengine au lazima ukae nayo. Sita usalama, hasa kama una watoto au unaishi chumba kimoja. Na la mwisho ni unaoka kiasi gani kwa mkupuo.

Ladha sijaiweka. Ladha inatoka kwenye siagi, mayai, iliki, ganda la chungwa au la ndimu, sio kwenye jiko. Mtu akikwambia keki ya mkaa ni tamu zaidi inawezekana anapenda ile harufu ya mbali ya moshi, na hiyo ni haki yake, lakini mchanganyiko mbovu hauokolewi na jiko lolote.

Mchanganyiko uwe mmoja

Ili tulinganishe kwa haki tuchukue mchanganyiko mmoja tuupeleke kwenye mioto mitatu. Unga wa ngano gramu 250, ambao ni vikombe viwili, siagi au Blue Band gramu 200, sukari gramu 180 yaani kikombe kimoja pungufu kidogo, mayai manne, maziwa vijiko vinne vya chakula, bekingi pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kidogo sana, na iliki ya kusaga au vanila. Siagi na sukari unachapa pamoja mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kwa mwiko ni dakika kumi na tano za jasho, kwa mashine ni tano. Mayai moja moja. Unga uchekeche pamoja na bekingi pauda, uingize kidogo kidogo kwa kukunja, yaani unapitisha mwiko chini na kugeuza mchanganyiko juu taratibu, usiukoroge kwa nguvu manake unga wa ngano ukisumbuliwa sana unaanza kuvutika na keki inatoka ngumu. Chombo kipake mafuta, weka karatasi chini, kijaze theluthi mbili tu.

Na jiko liwe la moto KABLA hujamimina. Hili ni kwa wote watatu. Bekingi pauda inaanza kazi ikiguswa na kimiminika halafu inafanya tena kazi ikipata joto, sasa mchanganyiko ukikaa mezani nusu saa unasubiri mkaa ukolee ile nguvu ya kwanza imeshapotea.

Kingine ambacho watu hawakiangalii ni unakaa wapi. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja kipimo hicho kiko sawa. Ukiwa Nairobi ambako ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, au Mbeya mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi na keki inafura haraka kuliko inavyoshika, mwisho inabonyea katikati. Huko punguza bekingi pauda iwe kijiko kimoja, ongeza maziwa kijiko kimoja au viwili, na usiilaumu oveni.

Mkaa, moto juu na chini

Huu ndio uokaji wa zamani wa kwetu na una heshima yake. Pwani yote mkate wa mayai na mkate wa kumimina umeokwa hivi miaka na miaka, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, na mama zetu hawakuwa na kipimajoto. Kwa hiyo asikwambie mtu huwezi kupata keki nzuri kwenye mkaa.

Hela ya kuanzia ni ndogo kuliko zote. Jiko unalo, sufuria nene unayo, unachohitaji zaidi ni mfuniko bapa wa aluminiamu au sinia la zamani la kubebea makaa juu. Usitumie mfuniko wa kioo, kioo kikiwekewa makaa kinaweza kupasuka na vipande vinaingia kwenye keki. Gharama ya kila keki ni kama kilo moja ya mkaa hivi, kwenye jiko banifu inapungua, kwenye lile la bati tupu inaongezeka. Ukiwa tayari unapika maharage unaweza kutumia makaa yaliyobaki na hapo keki inakuwa karibu bure.

Kuuongoza moto ndio mtihani. Kosa la wengi ni kuweka makaa mengi chini. Joto linapanda lenyewe, kwa hiyo chini weka kidogo, juu weka kingi, kama theluthi moja chini na theluthi mbili juu, na makaa ya juu yapange pembeni kuzunguka mfuniko, kati kati acha wazi au weka kimoja viwili tu. Makaa yawe yameshakolea vizuri yamevaa majivu meupe, yasiwe yanatoa moshi, manake moshi unaingia kwenye keki. Ukiona umezidi nyunyizia majivu juu ya makaa ya chini, ni njia nzuri sana ya kutuliza moto na watu wengi siku hizi wameisahau. Ukipungua palia makaa mawili matatu kutoka jiko la pili. Ndani ya sufuria kubwa weka mchanga mkavu uliooshwa au vipande vya mawe halafu chombo cha keki kikae juu yake, kisiguse chini.

Keki inavyotoka, hapa mkaa unanifurahisha kweli. Kwa sababu una moto wa juu, keki inapata rangi ya kahawia nzuri na ganda lenye harufu, kitu ambacho gesi ya sufuria haikupi. Inaiva dakika 45 mpaka saa moja. Ubaya wake ni kwamba leo imetoka vizuri na kesho imeungua upande mmoja, manake mkaa wenyewe haufanani, gunia la mti mgumu linawaka tofauti na lile la mti laini. Mzoefu anausoma moto kwa kuweka kiganja juu ya mfuniko, anayeanza atachukua muda kufika hapo.

Kazi ni kubwa, huondoki. Kila baada ya dakika kumi unaangalia makaa, unazungusha sufuria, unachungulia kama upepo umeanza. Usalama nao usifanyie mchezo, mkaa unatoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi na inaua, kwa hiyo oka nje au kwenye banda lenye hewa, USIINGIZE jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango eti mvua inanyesha. Na kiasi, ni keki moja kwa jiko moja, ukitaka mbili unaanza upya.

Mkaa unamfaa aliye na uwanja, ana muda, hana umeme wa uhakika, na anapenda keki yenye rangi. Haumfai mpangaji wa ghorofani, na haumfai mwenye haraka.

Gesi na sufuria

Hii ndio njia ya wengi mjini sasa hivi, na itaendelea kukua manake serikali ya Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya watu wawe wanapikia nishati safi ikifika mwisho wake, kwa hiyo nyumba nyingi zitakuwa na mtungi hata kama hazina oveni.

Hela ya kuanzia ni sifuri kama jiko la gesi unalo. Unatafuta sufuria kubwa ya zamani yenye mfuniko unaokaa vizuri, mchanga mkavu au chumvi ya mawe, na kistendi cha chuma. Sufuria iwe ile ambayo hutaionea huruma, kupashwa joto kavu kunaiharibu sura, na tafadhali isiwe ya nonstiki, ile ngozi yake ikipashwa bila kitu ndani mpaka ikapitiliza inaanza kutoa mvuke mbaya. Gharama ya kila keki ni ndogo, moto mdogo kwa saa moja unakula kama gramu 100 mpaka 120 za gesi, yaani mtungi wa kilo 6 ungekuwa wa keki tu ungekupa keki kama 50. Ndio maana wanaooka wikiendi wanaipenda.

Kuuongoza moto ni rahisi kuliko mkaa, unazungusha kitufe tu. Pasha sufuria na mchanga wake dakika 10 mpaka 15 moto wa kati, weka keki, funika, halafu shusha moto uwe mdogo na uuache hapo. Mchanga unachelewa kupata moto na unachelewa kupoa kwa hiyo unakusaidia kutuliza joto. Tatizo ni majiko mengi ya pleti mbili hata ukishusha mwisho bado moto ni mkali, hapo ongeza mchanga uwe mzito zaidi au weka bati nene kati ya moto na sufuria.

Sasa tuje kwenye udhaifu wake ambao hauepukiki, moto unatoka chini tu. Juu ya keki hakuna moto, kuna hewa ya moto na mvuke. Kwa hiyo keki inaiva vizuri kabisa, ndani laini, inachambuka, wakati mwingine ina unyevu mzuri kuliko ya oveni, lakini juu inabaki nyeupe na wakati mwingine yenye kunata. Mvuke ukigonga mfuniko unarudi matone juu ya keki. Watu wanafunga mfuniko kwa kitambaa ili kinyonye maji, inafanya kazi, ila pembe zote za kitambaa zifungwe JUU ya mfuniko, kona moja ikining'inia karibu na moto ni hatari. Kama mfuniko una tundu la mvuke acha wazi.

Mi ushauri wangu kwa mtu wa gesi ni huu, usishindane na rangi, chagua keki ambayo rangi yake haitegemei moto wa juu. Keki ya ndizi mbivu, ya kakao, ya tende, ya karoti na mdalasini, zote zina rangi yao tayari na hakuna atakayejua hukuwa na oveni. Hata ile ya kawaida ukiigeuza chini juu, upande wa chini una kahawia nzuri ya kupendeza, ndio unakuwa uso wake.

Kuna jambo la vipimo watu wanakumbana nalo wakishanunua chombo. Chombo cha sentimita 23 ukijumlisha na masikio yake kinafika 25 au zaidi, kwa hiyo sufuria ya nje inatakiwa iwe na upana wa kama sentimita 30 ndani, la sivyo ncha za chombo zinagusa pembeni na hapo ndipo keki inaungua kwenye kona mbili huku katikati bado. Pima kwa rula kabla hujanunua. Kama sufuria yako ni ndogo tafuta chombo kidogo cha urefu wa sentimita 16 mpaka 18 na ufanye nusu ya mchanganyiko, inaiva haraka zaidi na kwa uzuri.

Kazi ni ya wastani, dakika 55 mpaka 70 na huna haja ya kukaa nayo muda wote, ila usifunue kabla ya dakika 35 za mwanzo, kila ukifunua joto lote linatoka na keki ambayo haijashika inashuka. Usalama, wenye mtungi mdogo ambao jiko linakaa juu yake moja kwa moja nawaomba muwe waangalifu sana. Sufuria pana la mchanga ni zito, linayumba, na joto linarudi chini kwenye kichwa cha mtungi kwa saa nzima. Kwa kuoka ni bora jiko la mezani lenye mpira na regyuleta, mtungi ukae pembeni. Kiasi, keki moja kwa pleti moja, jiko la pleti mbili linakupa mbili kama una sufuria mbili kubwa.

Inamfaa mpangaji, mwanafunzi, mama mwenye watoto anayetaka keki ya Jumapili, na yeyote anayejaribu kama kuoka ni kitu anachokipenda kabla hajatoa hela kubwa.

Oveni ndogo ya umeme

Naongelea hizi za mezani, lita 20 mpaka 45, sio jiko kubwa la kusimama. Hela ya kuanzia ndio kubwa kuliko zote na hakuna namna ya kuizunguka. Ukinunua, usiangalie bei tu, angalia kama ina moto wa juu na wa chini unaoweza kuwashwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake, angalia kama ina kitufe cha nyuzi joto (kuna zingine zina taima tu), na nenda na chombo chako dukani ukipime kama kinaingia na mlango unafunga. Lita 20 chombo kinaingia lakini keki ikifura inakaribia sana vyuma vya moto wa juu, kwa keki ya umbo hili lita 30 kwenda juu ndio unapumua.

Gharama ya kila keki inaogopwa kuliko inavyostahili. Oveni ya lita 30 inakula kama wati 1,500, lakini haiwaki muda wote, ikifika joto uliloweka inajizima na kujiwasha, kwa hiyo keki moja na kupasha kwake ni kama uniti moja mpaka moja na nusu. Ukioka mara mbili kwa wiki ni uniti 9 mpaka 13 kwa mwezi. Sasa hapo wale walio kwenye tarifu ya matumizi madogo ya TANESCO, ile ya kutovuka uniti 75 kwa mwezi, ndio wapige hesabu vizuri, manake ukivuka kila uniti ya ziada bei yake inapanda sana. Na kama mnashea luku moja na wapangaji wenzio ongea nao mapema, oveni imeleta ugomvi nyumba nyingi.

Kuuongoza moto, hapa ndipo oveni inapostahili sifa. Unaweka nyuzi 170, unaweka keki waya wa chini au wa kati, unaweka taima dakika 50, basi. Kesho ukirudia unapata ileile. Kwa anayeuza hiyo ndio thamani yake, mteja anataka keki ya Jumatatu ifanane na ya Ijumaa. Ila usiamini kitufe kwa asilimia mia, oveni nyingi ndogo zinaonesha 170 na ndani ni 190 au 150, kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni ni cha bei ndogo na kitakuokolea mayai mengi. Kama ina feni punguza nyuzi 20.

Keki inatoka na rangi nzuri juu, ganda kavu, slesi zinakatika bila kusambaratika. Tatizo la kawaida ni juu kuwa nyeusi kabla ya katikati kuiva, kwa sababu vyuma viko karibu, dawa yake ni kuifunika kwa foili juu juu baada ya dakika 30, ukishaona imeshika rangi. Na oveni inakausha kuliko sufuria, ukiizidishia dakika kumi unaisikia mdomoni.

Adui yake ni umeme wenyewe. Ukikatika dakika kumi za mwanzo keki ina hatari ya kubonyea, ukikatika baada ya dakika 40 usifungue mlango, joto lililobaki linaweza kumalizia kazi. Kuna jambo lingine halionekani, umeme mdogo wa jioni. Oveni ya voti 230 ikipata voti 180 nguvu yake inashuka mpaka kama asilimia 60, taa ya oveni inawaka, unaona kila kitu kipo sawa, lakini keki haiivi. Kama mtaani kwenu jioni taa zinafifia basi oka asubuhi au usiku sana.

Usalama, mlango na pande zote zinaunguza, iwe mbali na ukuta na pazia, na ichomekwe ukutani moja kwa moja, sio kwenye ekstensheni nyembamba ambayo tayari ina friji na tivii. Kazi ni ndogo kuliko zote, unaosha vyombo huku inaiva. Kiasi, lita 30 keki moja kwa raha, mbili ndogo ukibana, lita 45 mbili za kawaida.

Hizi zingine kwa haraka

Jiko la kusimama la gesi lenye oveni chini ni zuri sana na linakupa ujazo mkubwa bila kutegemea luku, ila mengi yana moto wa chini tu au moto wa nyuma ni mkali, kwa hiyo geuza chombo ikifika dakika 35. Jiko la kupikia wali la umeme linaoka keki, kweli, ila ya duara na nyeupe juu, kama unachotaka ni slesi ndefu sio lenyewe.

Kwa mioto yote kipimo cha kuiva ni kilekile, kijiti cha mshikaki kati kati kitoke kikavu au na chenga mbili tatu, pembeni keki imeanza kuachana na chombo, na ukibonyeza juu kwa kidole panarudi. Iache kwenye chombo dakika kumi, itoe, na usiikate ikiwa ya moto.

Ukiwa hivi, fanya hivi

Kama hujawahi kuoka kabisa na una gesi, anza na gesi. Anza na keki ya ndizi, chombo kidogo, na usinunue kitu kingine chochote mpaka umeona mkono wako unakwenda vipi.

Kama uko kijijini au sehemu umeme unakuja na kuondoka, na uwanja upo, mkaa utakupa keki nzuri kuliko oveni inayozimika katikati. Jifunze kutumia majivu na kupunguza makaa ya chini, hayo mawili tu yatakufikisha mbali.

Kama unaishi ghorofani au chumba kimoja mkaa uache kabisa, chagua gesi au umeme kulingana na nani anamiliki luku.

Kama ni za sikukuu tu, Idi au Krismasi, keki tatu nne kwa mwaka, sioni sababu ya kununua oveni, azima ya jirani au palia makaa, hela hiyo nunua siagi nzuri na mayai ya kutosha.

Kama umeshaanza kuuza slesi ofisini au shuleni na watu wanarudi, oveni inalipa, hasa lita 45 yenye moto juu na chini. Lakini usiitupe ile sufuria yako ya mchanga, siku umeme ukikatika na oda ipo hiyo ndio itamalizia kazi, hamisha chombo taratibu bila kukitikisa kwenye sufuria ambayo umeshaipasha.

Na kama una vyote viwili, gesi na oveni, vigawie kazi, keki za ndizi, tende na karoti zipeleke kwenye sufuria kwa ajili ya ule unyevu wake, na zile nyeupe za siagi na ganda la ndimu ambazo uzuri wake ni rangi ya juu zipeleke kwenye oveni, nyuzi 170, waya wa chini, foili ikiwa tayari mezani.